Nisubiri Darajani

Muyama, jioni ya kuamkia safari yako

Odilia mwanangu,

Salamu zako ulizichukua mchana, tena kwa kunikumbatia mpaka kitenge kikataka kufunguka, kwa hiyo sianzi na salamu. Wala sitakuandikia habari za chandarua, za kuchemsha maji, au za kuangalia pochi yako stendi. Umekuwa mwalimu sasa, ukiibiwa utajua mwenyewe. Najua hapo kwa bibi yako ulipokwenda kulala usiku wa mwisho unalishwa ugali wa muhogo mpaka unashindwa kupumua, huku ukisimuliwa habari za Burundi ulizozisikia tangu hujaota meno. Mimi niko hapa mlangoni, mwanga bado upo kidogo, na baiskeli yako mpya imeegemea ukuta mbele yangu. Tunatazamana.

Umesema kesho asubuhi utaipanda kutoka hapa mpaka Kasulu. Utaushuka mteremko wetu mpaka darajani, ufike stendi, ndipo uipakie kwenye buti la basi la Kibondo. Ulisema hivyo mbele ya bibi yako, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua. Nikanyamaza. Bibi yako akashangaa, akasema, "Ehe! Leo mama yako hana mdomo?"

Ninao. Niliufunga kwa sababu naujua. Ndiyo maana nakuandikia, maana kwenye karatasi neno baya nalifuta kabla hujaliona, na hapo juu nimeshafuta mawili.

Acha niliseme moja mapema lisije likapotea katikati: naogopa, Odilia. Naiogopa hiyo baiskeli na nauogopa huo mteremko. Nikifumba macho nakuona unashuka, nikifumbua nakuona unashuka. Sasa nimelisema, naweza kuendelea.

Unakumbuka siku ile dukani kwa Mzee Salumu, nilipotoka nje nikasimama juani kama niliyefukuzwa? Ulidhani nimekasirika. Nilikuja nimeshaamua kwamba utanunua ile ya gia, ile ya mtumba yenye waya kila mahali, kwa sababu nilifikiri gia nyingi ni usalama mwingi. Mzee wa watu akanitazama kwa ile heshima yake ya kipwani, akaniambia, "Mama, gia ni kama watoto. Zikiwa nyingi, kila moja ina ugonjwa wake." Na ni kweli, mbona ya mwalimu mkuu wetu hapa ilijaa udongo mwekundu masika moja tu, na hadi leo imetundikwa ukutani kama picha ya marehemu. Hakuna fundi huku anayeiweza.

Kulikuwa na ile nyeusi ya chuma, gia moja, na keria ya kubebea hata mbuzi. Wewe uliigusa tandiko, mimi nikageuza uso. Unajua kwa nini.

Kisha ukaiona hii. Nyembamba, nyepesi, ukainyanyua kwa mkono mmoja kama kuku. Mzee Salumu akacheka: "Hiyo vijana wa Dar wanaiita fiksi. Haina kupumzika hiyo, binti. Ukikanyaga inakwenda, ukiacha kukanyaga inakukanyagisha yenyewe." Akaizungusha tairi ya nyuma, na pedeli nazo zikazunguka, hazina mtu, kwa haraka. Nilipoziona zinazunguka zenyewe vile, nikarudi nyuma hatua moja. Nikakwambia hiyo hapana. Ukanijibu taratibu, tena kwa upendo, "Mama, natoka mjini Kibondo kwenda shuleni na kurudi, na Jumamosi natembea tu kuona watu. Mimi sibebi ndizi, mama. Nabeba madaftari."

Ndipo nikatoka nje.

Shangazi yako alikusimulia kifo cha baba yako, najua, na alikusimulia vizuri. Lakini yeye hakuwepo mlimani. Acha nikupe yangu.

Shamba letu unalijua, liko bondeni upande wa nyuma, kwa hiyo kupeleka ndizi Kasulu kulianza kwa kupanda. Tulifunga mikungu kushoto, kulia, na juu ya keria, mpaka baiskeli ikawa haionekani. Baba yako alishika usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili akashika kijiti alichokifunga nyuma ya tandiko. Mimi nilisukuma kwa nyuma, bega kwenye ndizi. Hatukuwa na pumzi ya kuongea. Yeye akisimama najua amechoka, mimi nikiguna anajua jiwe limeingia kwenye ndala yangu, anangoja. Ukitaka kumjua mumeo, msukumie baiskeli mlimani. Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyoupenda ule mgongo uliolowa jasho mbele yangu.

Kushuka nako tulishuka pamoja, kwa miguu. Raba za breki zilikuwa zimekwisha, akafunga vipande vya ndala, na vipande vya ndala kwenye mteremko ule vinanuka tu, havishiki. Kwa hiyo aliiegemea kwa nyuma, visigino vinachimba vumbi, na mimi nimeshika keria naivuta. Wenzake walitupita wamepanda, ndizi zao zinatikisika, wanapiga kelele: "Msalimieni konokono!" Tukifika sokoni, wateja wazuri wameshaondoka.

Siku moja nilikuwa nimechoka, na jua lilikuwa kali. Walipotupita wale, nikamwambia kwa sauti ili wasikie na wao, "Baba Odilia, hiyo baiskeli umeioa? Wenzako wanapanda, wewe unaitembeza kama bibi harusi!"

Watu walicheka mpaka chini. Hata yeye alicheka. Baba yako ukimchoma alikuwa anacheka kwanza, halafu ananyamaza siku nzima.

Alikwenda sokoni akawasikiliza vijana wa upande wa Gwarama, wale wanaobeba mkaa. Wao breki zikiisha wanapeleka baiskeli kwa mchomeleaji, wanaichomelea friwili, kile kidude cha nyuma kinacholia tik-tik-tik unapoacha kukanyaga. Ikishachomelewa haiachii tena. Pedeli na tairi vinakwenda pamoja, na ukitaka kupunguza mwendo unazikazia pedeli kwa miguu. Akarudi nayo imechomelewa. Akapiga paja lake akasema, "Sasa breki ni hii hapa. Raba yake haiishi." Akapanda na mzigo wote, akashuka mteremko taratibu kabisa, kanyoosha shingo kama mtu anayekwenda kubatizwa.

Nilipiga vigelegele, Odilia. Mimi huyu. Vigelegele.

Msimu wote alishuka hivyo. Mimi nilishuka nyuma kwa miguu na kapu langu kichwani, namkuta darajani amekaa ukingoni anatafuna muwa. Akiniona tu anasema, "Umechelewa, mama." Kila siku ya soko, "Umechelewa, mama." Na mimi kila siku nilimtafutia tusi jipya. Huo ndio ulikuwa utani wetu, na nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kunilipa lile la bibi harusi. Sijawahi kuwa na raha kama ya msimu ule.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu. Wewe ulikuwa mgongoni kwa bibi yako, hujaanza kutembea. Baba yako akaniaga pale juu kama kawaida, "Nitakungoja chini." Nikashuka zangu polepole, barabara inateleza. Kabla ya kona nikakuta kichana cha ndizi barabarani. Nikakiokota, nikasema huyu leo amefunga mzigo vibaya. Mbele kidogo nikakuta mkungu mzima, umepasuka. Nikauweka juu ya kapu. Nikaendelea kuokota, na kila nilichookota nilizidi kukasirika. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilipokata kona ya mwisho nilikuwa na ndizi zake kichwani na matusi yake mdomoni, na watu walikuwa wamejaa darajani.

Ndala moja ilikuwa barabarani peke yake. Mtu aliyeona alisema mguu uliteleza, ukatoka kwenye pedeli, na pedeli hazikumngoja aurudishe. Ndizi zikamsukuma kwa nyuma. Yoo, mwanangu. Nilisimama pale nikingoja aniambie nimechelewa.

Kuna methali wazee wanapenda kuwapa watoto wanaoondoka, ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi siwezi kukupa. Baba yako alisikia, tena alitii. Angenipuuza siku ile, akaitembeza baiskeli yake mpaka chini huku nikimzomea, angekuwa hapa jioni hii anakukatalia kuondoka. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini hawasemi kwamba unaweza kuponza kichwa cha mwingine.

Kwa hiyo la kwanza nililolipata kwa gharama ni hili. Utapata mtu wako huko Kibondo, usijifanye hujanielewa. Siku ukimwona anaogopa kitu, anakwenda pole, anashuka na kutembea pale wenzake wanapopanda, usimcheke mbele za watu. Mcheke jikoni kama lazima umcheke. Mtu akiogopa huwa ameona kitu ambacho wewe hujakiona, na ukimwondolea woga wake kwa kumwaibisha, anabaki na kile kitu bila woga. Mimi nilifanya hivyo kwa sentensi moja, na ilikuwa ya mzaha.

La pili linakuhusu wewe, na ni gumu zaidi kuliandika.

Ile baiskeli ya baba yako niliipeleka ikakatwa ule uchomeleo, ikawekwa friwili mpya. Lakini sikuipanda tena. Umekua ukiniona naisukuma tu, hata kwenye tambarare, hata bila mzigo. Watu wananiuliza, "Mama Odilia, mgonjwa wako anaendeleaje?" Nawajibu hajambo, anakula ndizi tu. Wanacheka, nami nacheka, na tumezoeana hivyo. Nilidhani nikiisukuma nitakuwa nimekulinda. Kisha siku moja nikakukuta nyuma ya nyumba ya bibi yako umeipanda, mguu umepenya chini ya bomba la katikati, umejipinda kama kaa, unazunguka mti na bibi yako anapiga makofi: "Ikinga! Mwana wanje aratwara ikinga!" Mtoto wake anaendesha baiskeli, bibi wa watu alifurahi kama ameona malaika. Na wewe ulikuwa unacheka.

Nilikushusha nikakuchapa. Unakumbuka? Nilikuchapa sana. Hukuwa umeanguka, hukuwa umevunja kitu, hukuwa hata umechafua gauni. Nilikuchapa kwa kosa la kutoanguka. Bibi yako hakusema nami siku kadhaa, naye alikuwa na haki, kwa sababu aliyekufa darajani alikuwa mtoto wake kabla ya kuwa mume wangu, lakini yeye alipiga makofi.

Nisamehe kwa hilo. Nimengoja uwe mtu mzima ndipo niombe, na umeshakuwa mtu mzima zamani.

Sasa la leo. Uliponikuta mchana nachechemea nikakwambia mbuzi kanipiga pembe. Hatuna mbuzi mwenye pembe, sijui kwa nini uliniamini. Ulipokwenda kumuaga katekista niliichukua baiskeli yako nikaenda nayo uwanja wa shule, watoto walikuwa wameshatoka. Nikasema siwezi kukichukia kitu ambacho sijakijua. Nikafunga kitenge vizuri, nikapanda. Mimi, na umri huu!

Ni tamu, Odilia. Sikutegemea. Inakwenda kwa mwendo wako wewe, ukipunguza inapungua, ukiongeza inaongeza, kama unatembea na mtu anayekupenda. Nilizunguka uwanja nikacheka peke yangu. Nikakazia miguu, ikasimama kweli. Hapo ndipo nikaanza kulia, maana nilimwelewa baba yako. Miaka yote hii nilidhani nilimsukuma kwenye ujinga, kumbe hakuwa mjinga. Miguu inashika. Inashika mpaka pale mlima unapokuwa na nguvu kuliko miguu, na hapo haikuonyi. Kisha nikafika kwenye kale kamteremko karibu na goli, nikasahau, nikaacha kukanyaga ili nipumzike. Pedeli ikanipiga muundi, nikaenda chini mzima mzima. Nimelala pale nikitazama mawingu nikasema, haya, na mimi nimeanguka. Nilihisi kama deni limepungua kidogo.

Jioni ulipokwenda kwa bibi yako, nikachukua spana.

Unakumbuka Mzee Salumu alivyotuonyesha, tairi yako ya nyuma ina meno pande zote mbili. Upande ilivyo sasa haipumziki. Upande wa pili ametufungia friwili ya nyongeza, eti zawadi ya mwalimu mpya. Ukilegeza nati, ukaigeuza tairi, inakuwa baiskeli ya kawaida, gia moja, inalia tik-tik-tik na miguu inapumzika. Nilifikiri nitaigeuza wewe ukiwa kwa bibi yako. Ungekuja asubuhi, ungepanda gizagiza, usingejua mpaka uko njiani. Nikalegeza nati moja. Nilikuwa na furaha, kama mtu anayeiba kitu kizuri.

Kisha nikaikaza tena. Mara ya kwanza niliamua kwa mdomo namna mtu wangu atakavyoushuka mlima ule. Sasa nilikuwa naamua kwa spana. Wewe una kichwa kizuri kuliko changu, una breki ya mbele inayoshika, viatu vya kufunga, na huna mikungu mgongoni. Nimeijaribu hiyo breki, nimeisifu. Usiitoe hata vijana wa mjini wakikucheka. Na gauni lile refu la maua usipande nalo, cheni italila. Hayo mawili tu, nilisema sitatoa maagizo na nimeshindwa.

Kwa hiyo tairi iko kama ulivyoinunua, na spana nimeiweka juu ya mfuko wako pamoja na barua hii. Nakuomba uigeuze. Nakuomba, sikuamuru. Huko Kibondo kwenye njia yako ya shule igeuze tena utakavyo, cheza nayo Jumamosi, zunguka mji mpaka wakujue. Lakini kwa mteremko ule mmoja, nakuomba. Au shuka utembee, mimi nitashika tandiko kwa nyuma, na wakitupita wakatuzomea, nitawajibu mimi, unajua naweza.

Na kama umeshaamua kuupanda hivyohivyo, sitasimama njiani. Nitakutwisha baraka zote nilizonazo, za kwetu na za kanisani. Ukifika pale juu, usigeuke kunitazama, tazama barabara. Kazia miguu mapema, kabla mlima haujaanza kukusukuma. Mimi nitashuka nyuma yako kwa miguu na mfuko wako kichwani, na nitashuka polepole kwa sababu ya huu muundi.

Kitu kimoja tu usininyime. Basi linaweza kungoja, na lisipongoja kuna la kesho. Ukifika chini kabla yangu, simama darajani, pale ukingoni. Nisubiri. Nikikata ile kona ya mwisho nikute umesimama, uniambie nimechelewa.

Mama yako